Kumkabidhi kijana kwa fundi cherehani Moshi, asiishie kufagia

Moshi kuna mtaa unaitwa Shanty Town, na huko ndiko wanakokaa wenye nazo, jina linadanganya. Kijana wa huko akifeli kidato cha nne ana mjomba wa kumlipia chuo. Wa Njoro au Pasua anaenda stendi kubeba mizigo. Mwongozo huu ni wa majirani, kikoba au jumuiya inayotaka kumshika mkono kijana mmoja wa namna hiyo, msichana au mvulana, akajifunze ushonaji kwa fundi wa mtaani.

Kwanza hakikisheni shule imeshindikana kweli. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa 2016, na tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo na ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Mwenye umri chini ya miaka 14 si wa kupelekwa kazini. Wa miaka 14 hadi 17 sheria inamruhusu kazi nyepesi tu, hivyo mshirikisheni afisa ustawi wa jamii kabla ya kumpeleka popote.

Kisha mwulizeni kijana maswali matatu, akiwa peke yake: analala wapi, anakula wapi, na nani nyumbani anategemea hela anayoleta jioni. La tatu ndilo linalosahaulika. Anayeokota chuma chakavu anarudi na chochote kila siku. Kwa fundi atarudi mikono mitupu kwa miezi. Kama bibi yake anapika kwa hela hiyo, ataacha wiki ya tatu, na watu watasema ni mvivu.

Hesabu

Vikundi vingi hukusanya ada ya fundi na kudhani kazi imekwisha. Ada ndiyo sehemu ndogo. Chukueni mfano huu, kisha mbadilishe bei kulingana na za kwenu: nauli ya kwenda na kurudi 1,200, chakula cha mchana 2,000, jumla 3,200 kwa siku. Jumatatu hadi Jumamosi ni kama siku 26 kwa mwezi, yaani 83,200. Kwa miezi tisa ya mafunzo ni 748,800. Ada ya fundi tuseme 300,000. Jumla 1,048,800. Watu 25 wakichanga 6,000 kila mwezi kwa miezi hiyo tisa wanapata 1,350,000, na zinabaki 301,200 za kuanzia kununua cherehani.

Hela ya chakula msimpe mkononi. Mlipeni mama ntilie aliye jirani na karakana, kwa wiki. Ikifika nyumbani inageuka unga wa watoto wote, na hapo hakuna aliyeiba. Ni njaa tu. Tena mama ntilie ndiye daftari lenu la mahudhurio. Kijana akikosa sahani siku mbili mfululizo, yeye anajua kabla yenu.

Fundi

Msimchague kwa uzuri wa nguo alizotundika mlangoni. Kaeni pale nusu siku, leteni hata suruali ya kupunguza kiuno iwe kisingizio. Hesabuni wanafunzi na cherehani: wanafunzi wawili kwa cherehani moja inavumilika, wanne hapana. Tazameni nani anafagia, nani anatumwa vocha, nani anagusa kitambaa. Ulizeni wanafunzi wa mwaka jana wako wapi sasa, mkawatafute. Kwa msichana, karakana iwe wazi mbele ya watu, isiyo na chumba cha nyuma cha kupimia kinachofungwa kwa ndani.

Msianze Novemba wala Desemba. Wachaga wanarudi nyumbani, kila mtu anataka nguo ya sikukuu, na Januari zinafuata sare za shule. Fundi hana muda wa kufundisha. Mgeni atakuwa mtu wa kupiga pasi na kukata nyuzi. Februari ni mwezi mzuri.

Mkataba uwe ukurasa mmoja, nakala tatu, wenye muhuri wa ofisi ya mtaa. Uandikwe saa za kazi, nani analipia kitambaa kilichoharibika, marufuku ya kupiga, na posho ya kijana kuanzia siku anaposhona nguo za wateja. Ada ilipwe mara tatu: 90,000 kuanza, 90,000 katikati, 120,000 mwisho. Fundi akilipwa zote siku ya kwanza, hamna tena cha kumshikia.

Anachopaswa kujua, na lini

Wiki mbili za mwanzo ni kukanyaga bila uzi juu ya karatasi ya daftari, akifuata mistari, kisha kona, kisha duara. Matundu ya sindano yanaonyesha kila alipoyumba. Hapo hapo ajifunze kutunga uzi, kujaza bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), kubadili sindano na kutia mafuta. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa, wanaoanza hulaumu bobini, lakini mara nyingi kosa liko juu: uzi haukuingia kati ya visahani vya kukazia. Sindano ikivunjika ovyo, mara nyingi ni kwa sababu anavuta kitambaa badala ya kuiachia mashine ikisogeze yenyewe.

Hadi mwisho wa mwezi wa pili wa mafunzo awe anashona foronya na aproni. Mwezi wa tatu zipu na sketi ya sare. Halafu inakuja kukata, na hapa ndipo vijana wengi wanapotezwa. Mafundi huificha kazi ya kukata. Wanakata asubuhi kabla wanafunzi hawajafika, au jioni wakishaondoka, na mwanafunzi anamaliza mwaka akinyoosha mshono vizuri bila kujua kugeuza vipimo vya mwili kuwa kipande cha kitambaa. Huyo atabaki mshonaji wa mtu maisha yake yote. Fundi naye ana hoja: anaogopa kufundisha mshindani atakayefungua mlango wa pili. Basi zungumzeni naye waziwazi, na mwandike kwenye mkataba kwamba malipo ya pili yatatoka kijana akishakata sketi mwenyewe. Kitambaa cha mazoezi kisiwe kisingizio cha kukataa: nunueni mashuka ya mtumba pale soko la Memorial. Shuka moja linatoa sketi kadhaa za kuharibu.

Mtihani wa mwisho ni rahisi. Mmoja wenu alete mtoto wake na kitambaa. Kijana apime, akate, ashone, apinde, bila fundi kunyoosha mkono. Sketi ikimkaa mtoto kiunoni, lipeni 120,000.

Karatasi

Anzeni kuzifuatilia mwezi wa kwanza wa mafunzo, maana yatima bila cheti cha kuzaliwa huzungushwa sana. Cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Bila hicho kitambulisho cha NIDA akifika miaka 18 kinakuwa shida, na bila NIDA hasajili hata laini ya simu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kupima na kutoa cheti kwa aliyejifunzia kazini, na Moshi wana chuo. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, haina riba lakini hutolewa kwa vikundi. Tunashauri asiiguse mpaka ameshona kwa wateja wake miezi sita.

Akipigwa, akishikwashikwa au akilazimishwa jambo, mwondoeni siku hiyo hiyo. Mambo ya ada baadaye. Simu 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto.

Cherehani atakayopewa iandikwe kuwa mali ya kikundi kwa mwaka wa kwanza, la sivyo mjomba ataiuza nyumbani kukiwa na mgonjwa. Mkinunua iliyotumika, zungusheni gurudumu kwa mkono polepole, lisikwame popote. Tikiseni mhimili wa sindano kushoto na kulia, ukicheza, iacheni. Kisha mshone jinzi iliyokunjwa mara mbili, halafu kitambaa chepesi cha bitana, na mgeuze kutazama mshono wa chini.