Namna ya kusoma waraka mzima mkiwa sebuleni

Hapa Mbeya, mgeni akishataja jina na kwao, swali linalofuata ni "unasali wapi?" Kwenye kikundi chetu cha Alhamisi majibu ni mchanganyiko: Moravian, KKKT (Walutheri), TAG (Wapentekoste), Anglikana, na dada mmoja anayesali kwa mtumishi mwenye turubai. Wote wameokoka, na wote watakwambia Biblia ndiyo yenye neno la mwisho. Waulize wameisomaje wiki hii. Wengi watakutajia mstari waliotumiwa asubuhi kwenye WhatsApp.

Sina ugomvi na mstari wa siku. Mimi ni Mmoravian, na kwetu jambo hilo ni la tangu 1731, walipochapa kule Herrnhut, Ujerumani, kitabu cha kwanza cha mafungu ya kila siku. Fungu la Agano la Kale mpaka leo huchaguliwa kwa kura. Lakini mstari mmoja haukuoneshi mwandishi alikuwa anaelekea wapi. Mkitaka kusoma, someni waraka mzima, yaani barua nzima ya mtume, na wa kuanzia ni Wafilipi, ambao Paulo aliliandikia kanisa la Filipi: sura 4, mistari 104, dakika kama ishirini kwa sauti ya kawaida.

Kabla hujaalika mtu, mwambie mchungaji wako. Si kwamba unaomba ruhusa ya kusoma Biblia. Unazuia maneno tu, maana kikundi cha nyumbani chenye watu wa makanisa mbalimbali hakichelewi kuitwa kanisa jipya. Kwa sababu hiyohiyo msichange sadaka, na msikutane siku ya jumuiya.

Wiki ya kwanza Wafilipi wenyewe waacheni kwanza. Someni Matendo 16 kuanzia mstari wa 11, kanisa la Filipi lilipoanzia. Lidia wa Thiatira, mwuza zambarau, anawakaribisha mitume kwake. Kijakazi mwenye pepo wa uaguzi anafunguliwa, na mabwana zake wanawaka kwa kuwa faida yao imekwisha. Kisha mlinzi wa gereza anaamini na kubatizwa usiku uleule. Mimi nauza vitenge soko la Mwanjelwa, kwa hiyo wangu ni Lidia, lakini kikundi kitakwama kwa mlinzi wa gereza, kwa ubishi wa kubatiza watoto wadogo.

Kaka wa TAG atasema: mnaona, aliamini kwanza ndipo akaingia majini. Mama wa Kilutheri atamjibu: na watoto wa nyumba ile je? Mkiliachia hilo jioni imekwisha, na jirani atajua mnabishana nini. Mwambie kila mmoja aweke kidole kwenye mstari anaousemea, kati ya 31 na 34. Imeandikwa kwamba neno lilisemwa kwa wote waliokuwamo nyumbani. Imeandikwa kwamba alibatizwa yeye na watu wake wote saa ileile. Umri wa mtu haukuandikwa. Chukua karatasi, andika juu "Luka hakusema" (ndiye mwandishi wa Matendo), chini yake andika "umri", msonge mbele. Karatasi hiyo itunze, itajaa. Kila mtu atarudi nyumbani na ubatizo wa kanisa lake, na ni sawa; hatukukutana ili kuhamishana.

Wiki ya pili, waraka wenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kukatiza. Ndivyo ulivyokusudiwa. Paulo anawaagiza Wakolosai (4:16) waraka wao usomwe pia kwa Walaodikia, na Wathesalonike anawaapisha kabisa wausome kwa ndugu wote. Namba za mistari hazikuwapo. Aliziweka mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, kwenye Agano Jipya la mwaka 1551. Sisi tunasoma tafsiri ya Union Version ya 1952, na anayechoka na Kiswahili chake anafuatilia kwenye ile ya Habari Njema. Simu zizimwe data, la sivyo meseji ya mteja itaingia katikati ya sura ya pili. Msomaji mteue mapema. Wapo wanaosoma kama wako kwenye mkutano wa injili. Hao wape sala ya kufungua.

Mkimaliza, uliza tu: nani katajwa humu, na yuko katika hali gani? Watamwona Paulo akiwa kifungoni. Watamwona Epafrodito, aliyetumwa kumsaidia akaugua nusura afe. Watawaona Euodia na Sintike, wanawake wawili waliotumika pamoja na Paulo, sasa wanasihiwa wapatane mbele ya kanisa zima. Hapo akina mama watatazamana, na mmoja atacheka.

Wiki ya tatu ndiyo mfike 4:13. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Uko nyuma ya daladala, uko kwenye fulana za kwaya. Mwombe mtu aanzie mstari wa 10, tena taratibu. Mambo yote yenyewe ameyataja punde tu: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Halafu 4:19, ule unaosomwa sana wakati wa matoleo, kwamba Mungu atawajaza kila wanachokihitaji. Wanaoambiwa hivyo ni watu waliokwisha kumtumia mfungwa msaada. Aliyefundishwa kwamba sadaka ni mbegu ya gari atauliza maswali. Mwache aulize, na mtumishi wake asitajwe. Wewe uliza waraka umetoka wapi. Umetoka kifungoni.

Kuna siku mtu atasema, "Mimi Bwana amenionesha tofauti." Usimpinge. Mwambie, "Amina, tuoneshe ni wapi tusome wote." Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimchunguza Paulo mwenyewe kwa maandiko, kila siku, na Luka anawasifu (Matendo 17:11).

Chai na maandazi viwe mwisho, si mwanzo. Saa moja jioni watu wawe wametoka, wengine wanategemea bajaji.

Baada ya hapo chukueni barua nyingine: Yeremia 29, aliyowaandikia mateka wa Babeli. Mstari wa 11 wanaujua kwa moyo, wa mawazo ya amani. Mstari wa 10 unasema miaka sabini, na wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Kisha Filemoni, mistari 25, halafu Ruthu. Ufunuo watauomba tangu wiki ya kwanza. Nao ulitumwa kwa makanisa 7 ya Asia, kwa hiyo utaratibu ni uleule: sura zote 22 kwa sauti kabla mtu hajataja 666. Siku hiyo pikeni wali.