Kuandika wasifu wa meya mfanyabiashara: tumpitie William Ogden wa Chicago

Wasifu mwingi ninaoletewa kusahihisha huanza na "alizaliwa", ukapita kwenye vyeo, ukaishia "alifariki". Huo ni wasifu wa marehemu, wa kusomwa msibani. Msomaji asiyemjua mtu wako hafiki aya ya pili. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Chora safu mbili, cheo na mali.
Kwa Ogden, safu ya cheo ina jambo moja kubwa: meya wa kwanza wa Chicago, 1837, muhula wa mwaka mmoja. Safu ya mali inajaa ukurasa: viwanja, reli, mbao, bandari, mtaji aliomwekea McCormick ajenge kiwanda cha mashine za kuvunia ngano, hadi urais wa kwanza wa kampuni ya reli ya Union Pacific mwaka 1862. Ukishaona safu ipi imejaa, unajua uzito wa makala uuweke wapi.

Hatua ya 2: Anza siku alipokanyaga mji.
Ogden alifika Chicago mwaka 1835, akiwa na miaka 30 hivi, kusimamia ardhi ambayo shemeji yake Charles Butler na wenzake walinunua kwa dola 100,000. Alikuta kinamasi. Akamwandikia shemeji kwamba hapo umefanyika upumbavu. Halafu akachimba mifereji, akapima viwanja, akanadi. Theluthi moja tu ya ardhi ikarudisha karibu fedha zote. Aliyekuja kumalizia biashara ya watu akahamia. Mlango wa makala yako ndio huo.

Hatua ya 3: Kila barabara na daraja, uliza nani ana kiwanja jirani.
Usimhukumu, usimpake mafuta. Weka mambo mawili kando kwa kando: alichoufanyia mji na alichofaidika yeye. Mfano: mwaka huohuo wa umeya wake mabenki yaliyumba nchi nzima, na wapo wakazi waliotaka madeni yasilipwe. Ogden alipinga. Ni msimamo wa heshima, lakini pia ni wa mtu ambaye biashara yake iliishi kwa fedha za matajiri wa New York. Andika yote mawili, msomaji ana akili zake.

Hatua ya 4: Chagua tendo moja, ulisimulie taratibu.
Mimi ningechukua reli ya kutoka Chicago kuelekea mji wa Galena. Kibali kilitoka 1836, kikalala. Wafanyabiashara wa mjini wenyewe waliiogopa: mkulima akipakia ngano kwenye treni huko kwao, nani ataingia dukani? Basi Ogden akawaendea wakulima, shamba kwa shamba, akiwauzia hisa kwa malipo ya kidogokidogo. Mwaka 1848 injini ya mtumba iitwayo Pioneer ikatoka Chicago, ikaenda maili chache, ikarudi na ngano. Hapa usiharakishe. Ndoa yake ya 1875, akiwa na miaka 69, mistari miwili inaitosha.

Hatua ya 5: Kwenye hasara, hesabu watu kwanza.
Hapa niliwahi kuumbuka. Tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulianza Chicago, ukateketeza nyumba ya Ogden na mali yake nyingi. Usiku huohuo moto mwingine ukaumeza Peshtigo, Wisconsin, alikokuwa na kiwanda cha mbao. Nikaandika kwa mbwembwe: "Alifilisiwa mara mbili kwa usiku mmoja." Rafiki yangu akasoma, akaniuliza, "Na waliokufa je?" Peshtigo na vijiji vyake walikufa watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wafanyakazi wa kiwanda hichohicho. Nilikuwa nimelilia mbao. Na kosa lilinijia kirahisi, kwa sababu ukikaa na tajiri kwa wiki kadhaa unaanza kuona dunia kupitia daftari lake.

Tahadhari ya majina: utasoma kwamba nyumba ya Ogden ilinusurika moto wa Chicago. Hiyo ni ya mdogo wake, Mahlon. Familia ikiwa na ndugu kadhaa mji mmoja, hakikisha jina la kwanza kila mara.

Hatua ya 6: Sasa rudi Walton, jimbo la New York, alikozaliwa Juni 1805.
Sentensi moja tu, na uiweke pale anaporudi kuishi jimbo hilohilo, alikofia Agosti 1877.