Okidi haitaki udongo: kuikuza Nyanda za Juu Kusini

Okidi nyingi zinazofia vibarazani Mbeya na Njombe zilipandwa kwenye udongo, kama waridi. Okidi za dukani asili yake hasa ni kukaa juu ya miti. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe mithili ya sponji: linafyonza maji upesi, kisha linataka likauke na lipate hewa. Ukiizika kwenye udongo, inaoza. Majani yakinywea, mwenye mmea anadhani ni kiu na kuongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Anza na okidi aina ya simbidiumu. Baridi inayodumaza migomba ndiyo inayoifaa: bila usiku wa nyuzi 10 hadi 15 kwa wiki kadhaa, haitoi maua vizuri. Falenopsisi, yenye majani mapana na maua kama vipepeo, haiwezi usiku wa Juni na Julai nje. Chini ya nyuzi 15 hudondosha vichipukizi vya maua. Hiyo ikae ndani karibu na dirisha, na maji yakituama katikati ya majani yafute kwa kitambaa kabla ya jioni.

Cha kupandia tunacho tele. Gome la paini hupatikana kwenye viwanda vya mbao, Mafinga kwa mfano. Lipasue vipande vya sentimita 1 hadi 2, liloweke siku mbili ukibadilisha maji, kisha changanya makopo 3 ya gome na 1 la mkaa wa ukubwa huohuo uliooshwa vumbi. Vumbi la mbao usiguse. Linashindiliana na kushika maji kama tope.

Kabla ya kupanda, minya kila mzizi. Mzima ni mgumu. Uliooza unateleza, ganda linachomoka na kukuachia uzi mkononi: kata. Wembe upitishe motoni kila unapohama mmea, maana virusi vya okidi husafiri na utomvu na havina dawa.

Mwagilia asubuhi. Kwa falenopsisi angalia mizizi: ikiwa ya kijani bado ina maji, ikigeuka rangi ya fedha mwagilia. Simbidiumu mizizi yake imejificha, hivyo nyanyua chungu. Kikiwa chepesi, maji yameisha. Mbolea ya maji ya NPK 20-20-20, nusu gramu kwa lita, kila wiki mbili inatosha, na iwekwe gome likiwa tayari na unyevu. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi kuondoa chumvi. Ncha za majani zikiwa nyeusi, mara nyingi mbolea ilizidi. Majani ya kijani kizito yasiyochanua yanalilia mwanga.

Na okidi za Kitulo? Hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 2005, ina aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, zikiwemo za jamii ya Disa na Satyrium. Viazi vya okidi hizo vimechimbwa kwa wingi kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko. Usizing'oe hata nje ya hifadhi: zinategemea kuvu wa udongo wa kwao, na kwenye chungu kwa kawaida hazidumu.

Simbidiumu ikijaza chungu, baada ya miaka miwili au mitatu, igawe mara tu maua yanapokwisha. Kila kipande kibaki na mashina yaliyovimba kama vitunguu yasiyopungua matatu. Chenye moja huishi, lakini utasubiri ua miaka.