Namna ya Kumtambua Keremkerem wa Ulaya Anapopita Lubumbashi

Mwezi wa Septemba unapoelekea ukingoni na joto kuzidi kabla ya mvua, anayetaka kumwona keremkerem wa Ulaya hapa Lubumbashi atege masikio kwanza. Ndege huyu husifiwa kwa rangi zake, lakini akipita juu sana, jua likiwa nyuma yake, huonekana mweusi tu, na wengi humkosa kwa kusubiri rangi. Sauti yake ni laini na yenye kuviringika, "pruu, pruu", ikipokezanwa na kundi zima, na mara nyingi husikika kabla hajaonekana.

Ukishaisikia, tafuta umbo: mabawa yaliyochongoka, mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, na manyoya mawili ya katikati ya mkia yaliyozidi mengine. Hupiga mabawa kwa haraka, kisha huyatandaza na kuteleza hewani. Mbayuwayu ni mdogo kuliko yeye na hana mdomo huo.

Akitua juu ya waya au tawi kavu, ndipo darubini inapofaa. Anza na koo, ambalo ni la njano na limepakana chini na mstari mwembamba mweusi. Kisha tazama utosi na mgongo wenye kahawia nyekundu, mabega ya dhahabu na tumbo la samawati. Keremkerem mwenye mashavu ya buluu, mgeni mwingine wa majira haya, ni kijani karibu mwili mzima, koo lake huishia katika rangi ya kutu, wala hana mstari mweusi. Keremkerem wa Ulaya walio wachanga wana mgongo wenye ukijani, kwa hiyo usiamue kwa mgongo peke yake.

Simama penye anga wazi, kama ukingoni mwa ziwa la Kipopo, au penye vichuguu virefu vya miombo, kwa kuwa kumbikumbi wakitoka baada ya mvua za kwanza, keremkerem huwafuata hewani. Akimkamata nyuki, humpigapiga tawini na kumsugua mpaka sumu na mwiba vitoke, ndipo ammeze. Ukibahatika kuliona jambo hilo, usiliharakishe. Wafugaji wa nyuki humlaumu, na ni kweli kwamba huwala, lakini hula pia nyigu na kereng'ende, na kumwinda kwa manati si haki.

Keremkerem hawa wengi wao huzaliana kusini mwa Ulaya, Afrika Kaskazini na magharibi mwa Asia, wakichimba mashimo yanayoweza kuzidi mita 1 katika kingo za udongo, na hurudi huko kati ya Machi na Aprili. Wachache huzaliana Afrika Kusini na Namibia, nao husogea kaskazini baridi ya kule inapoingia. Kwa sababu hiyo tarehe ina uzito sawa na rangi: iandike palepale, pamoja na saa, idadi ya ndege na upande waliokuwa wakielekea.