Vile ya kuchunga historia ya maisha ya koko yako, bibi yako (na usimugeuze mutakatifu)

Siku ya tatu ya kilio ya koko yetu, hapa Bukavu, ule mutu wa kusoma biografi alisimama akasema: alizaliwa 1952, alizaa batoto 8, alikuwa mama wa upole. Wa upole?? Ba mama wa soko ya Kadutu baliangaliana. Ule koko aliuzaka sambaza, bile bisamaki bidogo bya ziwa, miaka na miaka, ukimwambia bei iko juu anakuuliza kama njo weye ulilala ku ziwa usiku unazivua. Ku ndoa za batu alikuwaka anacheza mupaka magoti inakataa, kisha anacheza akiikala ku kiti. Ni siku ile nilitafuta kaye na biki. Hii naandika hapa ni vile tulifanya, na pia fasi tulipoteza bitu, ili weye usipoteze.

Usingojee kilio iishe. Pale njo batu bote bako fasi moja: shangazi wa Uvira, mujomba wa Kamituga, jirani wa zamani mwenye hamukuonanaka tangu mulikuwa batoto. Mchana banalia, lakini usiku, kisha chai, kuko saa moja batu banaanza kucheka. Ile saa washa telefone irekodi, na uweke pembeni ya mutu mwenye anaongea, hapana mu mufuko, ju mu mufuko utasikia tu nguo. Omba ruhusa kwanza lakini. Mimi sikuomba, shangazi moja akanisemea mubaya mbele ya bakwe.

Na usiulize "koko alikuwa mutu wa namna gani", batakujibu sawa vile padiri ako anabasikiliza. Uliza kitu kidogo. Alikupatiaka jina gani ya kuchekelea? Ni deni ya nani alikataa kusamehe? Nyimbo gani alikuwaka anaimba akiosha sahani? Mimi niliuliza juu ya deni tu, shangazi akaongea dakika 40 juu ya mukebe moja ya sambaza, na ndani ya hiyo dakika 40 kulikuwa ndoa mbili, safari ya bwato kwenda Goma, na vita moja.

Sasa miaka. Hapa njo kuko kazi, ju bakoko yetu miaka yao haikuandikwaka vizuri, carte inasema hivi, cheti ya batizo inasema vile, na yetu yeye alibakiaka na umri moja ile ile kwa muda wa kama miaka 6. Usiulize "mwaka gani", uliza "mbele ao kisha ya nini". Chora mustari mu kaye, weka ile mambo kila mutu wa Bukavu anakumbuka: uhuru 30 Juni 1960, ule Mubeleji Schramme na mamluki yake mu muji kuanzia Agosti mupaka mwanzo wa Novemba 1967, 1972 wakati Mobutu alikataza majina ya Kikristo, Desemba 1979 wakati noti zilibadilishwa na benye walificha pesa chini ya godoro walilia, wakimbizi wa Rwanda wa 1994, vita ya Oktoba 1996, tetemeko ya 3 Februari 2008. Ata sambaza inasaidia: haikuwaka mu ziwa Kivu, ilitolewa Tanganyika karibu mwisho wa miaka ya 1950. Koko alikuwaka anasema mara ya kwanza alikula sambaza alikuwa msichana mukubwa tayari. Na mujomba anasema wakati wa Schramme yeye alikuwa ku mugongo ya koko wanakimbia. Hesabu weye mwenyewe: ile 1952 ku musalaba ni uongo, angezaa na miaka 14 hivi. Naamini uongo ni yake mwenyewe, alipendaka kuwa kijana.

Ukienda kutafuta ku parokia, tafuta na ile prenom ya batizo, ju karatasi za kisha 1972 zinaweza kuwa hazina hiyo jina, utafikiri ni batu babili.

Foto: toa mu plastiki, weka karibu na dirisha mchana, piga bila flashi, telefone ikiwa juu yake sawasawa. Nyuma andika majina na krayo, biki inapita upande ingine. Sauti za WhatsApp ni hatari zaidi. Mimi telefone yangu iliibiwa mu taxi, ikaenda na koko akinitukana juu sikumutembelea, na ningelipa pesa mingi kusikia ile matusi tena. Basi leo, hapana kesho, tafuta zile faili za .opus, tuma ku email yako, na kwa ndugu yako moja mwenye hafutakefutake bitu.

Chakula yake usiandike "chumvi kidogo". Pika na mutu mwenye alipikaka naye, kila kitu anakamata na mukono amwange kwanza mu kikombe, upime, kisha iende mu chungu. Sombe yake tuliirudilia mara tatu, ya tatu kila mutu alinyamaza.

Ile mbaya pia iandikwe. Koko na dada yake hawakusemeshana miaka juu ya kiwanja, tuliandika bila kusema nani alikuwa na haki, na mujomba moja mupaka leo hafurahi. Naona tulifanya vizuri.

Siku ya kuondoa kilio tulisoma page sita, hapana zaidi, batu bako na njaa. Nilifika ku mukebe ya sambaza, mama moja nyuma akasimama: "Ile deni nililipa!" Shangazi naye akasimama. Nikawasha telefone tena.