Namna ya Kukadiria Unene wa Lenzi za Miwani Kabla ya Kuagiza

Mtu mwenye miwani ya namba kubwa huambiwa mara nyingi kwamba akitaka lenzi nyembamba hana budi kununua malighafi ya bei ya juu. Ushauri huo ni wa kweli, ila ni nusu ya habari, kwa sababu ukubwa wa fremu unaweza kuongeza au kupunguza unene kwa kiasi kilekile ambacho malighafi ghali ingekipunguza. Jambo hili halihitaji kuaminiwa tu: linaweza kuhesabiwa mezani kwa karatasi ya vipimo vya macho, rula na kikokotoo.

Unene wa lenzi hutokana na tofauti ya mpindo kati ya uso wake wa mbele na wa nyuma. Tofauti hiyo, ambayo hapa nitaiita kina cha mpindo, hukadiriwa kwa milimita hivi:

Kina = (N × U × U) ÷ (2000 × (K − 1))

N ni nguvu ya lenzi kwa dayopta, yaani ile namba iliyo kwenye karatasi ya vipimo, bila kujali alama ya kutoa au kujumlisha. U ni umbali wa milimita kutoka kitovu cha nguvu cha lenzi, yaani sehemu inayotakiwa kukaa mbele ya mboni, hadi ukingo unaopimwa. K ni kiwango cha malighafi cha kupinda mwanga: plastiki ya kawaida iitwayo CR-39 ina takriban 1.50, polikaboneti 1.59, na plastiki nyingine nyembamba huuzwa kwa namba zake zenyewe, yaani 1.60, 1.67 na 1.74.

Kipimo kinachokosewa zaidi ni U, kwa hiyo tukitazame kwa makini. Ndani ya mkono wa fremu huchapwa namba kama 52 na 18. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi ya puani kati ya lenzi mbili. Ukizijumlisha unapata 70, ambao ndio umbali kati ya katikati ya lenzi moja na katikati ya nyingine. Ikiwa umbali kati ya mboni zako ni milimita 62, tofauti ni 8, na kila kitovu kitalazimika kusogezwa milimita 4 kuelekea puani ili kikae mbele ya mboni. Kutoka hapo hadi ukingo wa upande wa sikio kuna 26 + 4, yaani milimita 30, ilhali hadi ukingo wa upande wa pua kuna 22 tu.

Sasa tuchukue nguvu ya −6.00 kwa plastiki ya 1.50. Mara 6 kwa 30 kwa 30 ni 5400; gawanya kwa 1000, unapata kina cha milimita 5.4. Lenzi ya asiyeona mbali huwa nyembamba katikati na nene ukingoni, kwa hiyo huongezwa unene wa katikati, ambao kwa plastiki hii ni kama milimita 2, na ukingo wa upande wa sikio unafika milimita 7.4. Upande wa pua, kwa hesabu ileile, hauzidi 4.9. Ndiyo maana wenye namba kubwa huona miwani yao ikivimba karibu na mikono.

Ukibadilisha malighafi pekee, kina kinashuka hadi 4.5 kwa 1.60, 4.0 kwa 1.67 na takriban 3.6 kwa 1.74. Ukiacha malighafi kama ilivyo na ukachagua fremu ya 46 na 20, U inakuwa 25, na kina ni 3.75. Kwa maneno mengine, fremu ndogo yenye plastiki ya kawaida inakaribia kabisa kina cha 1.74 katika fremu kubwa. Sababu ni kwamba U huzidishwa kwa yenyewe, hivyo kila milimita inayopungua ina uzito mkubwa. Kwa maoni yangu, fremu ichaguliwe kwanza na malighafi baadaye, na atakayefanya yote mawili ndiye atakayeona tofauti ya kweli.

Malighafi zenye namba ya juu zina gharama nyingine isiyo ya fedha. Huakisi mwanga zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila uso wa lenzi ya 1.74 dhidi ya asilimia 4 kwa plastiki ya kawaida, na kwa hiyo zinahitaji tabaka la kuzuia mng'ao. Pia hutawanya rangi: namba ya Abbe, ambayo ikiwa kubwa ni bora, ni kama 58 kwa CR-39 lakini ni karibu 32 kwa 1.67 na 30 kwa polikaboneti. Hata hivyo polikaboneti hustahimili kishindo, na kwa watoto ningeitanguliza bila kusita.

Penye silinda, yaani nguvu ya ziada inayorekebisha jicho lenye mpindo usio sawa, nguvu hutofautiana kulingana na uelekeo. Vipimo vya −4.00 na silinda −2.00 kwenye mhimili wa 90, yaani wima, vinatoa −6.00 kwa mlalo, kwa sababu silinda huongeza nguvu kwa kukingama na mhimili wake, palepale ambapo fremu ni pana. Mhimili ukiwa 180, ile −6.00 inahamia wima, ambako lenzi ni fupi, na ukingo unakuwa mwembamba zaidi.

Kwa lenzi ya kujumlisha mambo hugeuka: ukingo ndio mwembamba, na kina huongezwa katikati. Lenzi ya +5.00 ya plastiki ya kawaida iliyokatwa kutoka kipande cha duara cha milimita 70 ina U ya 35, hivyo katikati yake ni 6.1 kujumlisha milimita 1 ya ukingo, yaani 7.1. Ikitengenezwa kwa kufuata umbo la fremu yenye U ya 30, katikati inashuka hadi 5.5. Mwombe fundi apeleke umbo la fremu kiwandani pamoja na agizo.

Kanuni hii ni ya makadirio, na hutoa unene mdogo kidogo kuliko ule halisi nguvu inapokuwa kubwa. Hesabu kamili ya kila uso ni R − √(R² − U²), ambapo R ni nusukipenyo cha mpindo, yaani 1000 × (K − 1) ÷ nguvu ya uso huo. Kwa lenzi yetu ya −6.00 yenye uso wa mbele wa +2.00 na wa nyuma wa −8.00, R ni 250 na 62.5, vina ni 1.81 na 7.67, na tofauti yake ni 5.86 badala ya 5.4. Kwa hiyo, kuanzia dayopta 6 kwenda juu, tumia kanuni hii ya pili.