Mgeni, AC na tokeni: ukiwa na nyumba ya kukodisha Diani fanya hivi

Kama unakodisha nyumba kwa wageni huku Diani, pwani ya Kenya, hii stori unaijua, mgeni anatoka saa tatu asubuhi kwenda bichi, AC ameacha 16, mlango wa baraza wazi, anarudi jioni, na usiku huohuo tokeni za stima zinaisha, simu yako inaanza kulia.

Piga hesabu kwanza. AC ya 12,000 BTU isiyo ya inverta, yaani ile isiyojipunguza kasi yenyewe, inakula kama yuniti moja ya stima kwa saa kompresa (mota ya kupoza) ikizunguka, na mlango ukiwa wazi haipumziki, yaani masaa tisa yuniti tisa zimeenda na ndani hakuna hata paka.

Vibandiko vya "tafadhali zima AC" achana navyo, mimi nimebandika mpaka chooni na hakuna aliyesoma. Kilichonisaidia ni mita ndogo ya AC peke yake, fundi wa stima anaifunga, halafu kwenye tangazo unaandika kabla mtu hajalipa kwamba bei ya kila usiku iko na yuniti 10 za AC, zikizidi analipia. Ukimwambia akishafika ni vita, na rivyu atakuandikia. Mita ipigeni picha pamoja akiingia na akitoka.

Ile ya kuchomeka kadi ukutani ndio stima iwake, kama hotelini, usihangaike nayo, wanachomeka kadi ya supamaketi wanaenda zao. Bora swichi ya sumaku mlangoni, ukikaa wazi dakika mbili tatu AC inajizima, ila fundi aache muda kabla haijawaka tena maana kuwashwa na kuzimwa fyatu fyatu kunaua kompresa.

Na chumba chako je? AC chini ya makuti bila dari unapoza Bahari ya Hindi bure, weka dari au baki na pangaboi na neti, kusi ikivuma mwezi wa saba watu wanalala vizuri tu. Kaskazi ni mambo mengine, Februari usimbanie mtu AC hata wewe hulali. Filta osha kila wiki mbili, na kile kisanduku cha nje zima stima ukisuuze maji baridi kutoa chumvi.

Mgeni akifika mshikishe rimoti mwenyewe, iweke 24 akiona, umwambie 16 haipoozi haraka zaidi, wengi hawajui kabisa.